Farasi Mwenye Mbawa



Miaka michache iliyopita, katika ukurasa huu huu, mama mmoja aliniuliza kama yafaa mtoto wake kuchezea vijisanamu vya plastiki ambavyo huvipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: askari wa kale, majoka, vibwengo wenye mashoka, farasi wenye mbawa. Nilimjibu kwa mistari mitatu. Nilisema kwamba sanamu ni haramu, kwamba avitupe, na kwamba amshughulishe mtoto na jambo lenye manufaa. Nilikuwa na haraka. Jarida lilikuwa linakwenda kuchapwa, nami nilikuwa na darasa baada ya alasiri. Leo nairudia mistari ile, kwa sababu mwezi wa Desemba nilikutana nayo uso kwa uso huko Kaptagat, imekatwa kwa mkasi na kubandikwa juu ya mlango wa friji la dada yangu.

Dada yangu aliolewa Eldoret, na mumewe, ambaye hufanya biashara ya mbao na viazi, amejenga Kaptagat. Kwa msomaji asiyeijua, Kaptagat ni nchi ya misitu iliyo mbele kidogo ya Eldoret, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ndiko wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wakubwa wa dunia, akina Eliud Kipchoge aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021. Alfajiri, ukitoka kutia udhu, huwasikia wakipita barabarani kwa kundi, viatu vyao vikilia kwa mdundo mmoja. Maji ya udhu huko yana baridi ya kumkumbusha mtu wa Mombasa thawabu ya kutawadha vizuri wakati wa taabu.

Binti wa dada yangu ana miaka 13. Ami yake, ambaye anaishi Leicester huko Uingereza, alimletea sanduku la vijisanamu vile. Asili yake ni mchezo wa Waingereza. Kampuni ya Games Workshop, iliyoanzishwa mwaka 1975 na ambayo makao yake leo yako Nottingham, ilitoa mchezo uitwao Warhammer mwaka 1983, na tangu hapo vijana wa nchi nyingi hununua askari hao wakiwa vipande vya plastiki ya kijivu, wakaviunga kwa gundi na kuvipaka rangi wenyewe. Mtu mzima miongoni mwao hazidi urefu wa pingili mbili za kidole. Uso wake wote ni mdogo kuliko punje ya mtama.

Mama mtu aliposoma jawabu langu alilichukua sanduku akaliweka kwenye banda la kuni. Hakulichoma, kwa sababu alitaka kwanza aniulize mimi, lakini hakupata kuniuliza. Mambo ya nyumbani mwayajua. Mtoto hakulia wala hakubisha. Ila tangu siku ile aliiacha pia kalamu ya mwanzi niliyomchongea mimi mwenyewe, naye alikuwa na khati nzuri kuliko wenzake wote wa madrasa. Mwalimu wake alilalamika mara mbili. Ndipo dada yangu akaniambia, "Kaka, huyu mtoto sasa nakuachia wewe."

Nilimwita, akaja akaniamkia, akakaa pembeni ya jiko. Nikamwuliza kisa chake. Akanyamaza sana, kisha akasema, "Mjomba, mimi nilijaribu. Kila nikipaka, rangi inafanya mabonge, uso unapotea. Nilirudia na kurudia. Mama aliposoma gazeti nikajua sababu. Kitu cha haramu hakitengenezeki."

Nakiri kwamba maneno hayo yalinichoma. Mtoto amechukua kosa la mkono akalifanya kuwa hukumu ya Mwenyezi Mungu juu yake, na karatasi aliyoitegemea ni yangu.

Kwa hiyo tuanze na hukumu, kisha twende kwenye rangi.

Kwamba wanazuoni wengi wamekataza kutengeneza sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, hilo ni kweli, na sikulibadilisha. Hadithi zilizokuja juu ya jambo hili ni nzito, na mtu mzima anayejaza sanamu sebuleni mwake sina la kumtetea. Lakini nilipojibu kwa mistari mitatu niliacha nusu ya somo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na watoto wa bandia aliocheza nao pamoja na wenzake nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Na katika Sunan ya Abu Dawud imo habari kwamba upepo ulifunua pazia, Mtume akawaona watoto wale wa bandia, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza ni nini kile, na farasi awe na mbawa? Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulayman, na Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana.

Someni tena: farasi mwenye mbawa! Ndiye yule yule aliyekuwamo ndani ya sanduku lililokaa kwenye banda la kuni. Kwa ajili ya hadithi hizi, Qadhi Iyadh na wengineo wamenukuu kwamba wanazuoni wengi wameruhusu vya kuchezea watoto, wakavitoa katika katazo la jumla. Ziko kauli nyingine zenye kubana zaidi, na anayezifuata kwa hadhari simlaumu. Ninachojilaumu ni kumjibu mama wa mtoto kana kwamba kauli hiyo ya ruhusa haipo.

Tulilileta sanduku ndani, tukalifungua juu ya meza, nami nikavitenga. Vile vyenye alama za ibada za watu wengine, na viwili vilivyovaa visivyo na heshima, tuliviweka kando kwa ridhaa yake. Wakabaki farasi, joka, askari kadhaa, na jambo ambalo sikulitarajia: miti, ukuta wa ngome uliobomoka, daraja na mtumbwi, kwa kuwa mchezo huo huhitaji pia mahali pa kuchezewa. Nikamsimulia kisa cha mtu aliyemjia Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kwamba riziki yake ni kuchora picha. Alipoelezwa makemeo yaliyokuja juu ya jambo hilo alishusha pumzi nzito na uso ukamgeuka rangi, na Ibn Abbas hakumfukuza, bali alimwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Nikamwambia mtoto: ukiwa mkubwa, na kazi hii ikikaa mkononi mwako, mlango ule uko wazi daima. Akauchukua mti mmoja akautazama. Hakusema kitu, lakini aliuweka mbele ya wengine.

Ama rangi, nilipomshika yule farasi niliona mara moja palipoharibika. Rangi ilikuwa nzito kama ugali. Manyoya ya ubawa, ambayo aliyechonga kalibu ameyatenga moja moja, yalikuwa yamezibwa yakawa kitu kimoja, na juu ya ubawa wa kulia ilikaa alama ya kidole gumba. Na hapa, mimi nisiyewahi kupaka kijisanamu maishani mwangu, nilijikuta nalijua jambo hili tangu utotoni. Chuoni tulitengeneza wino kwa masizi na gundi ya mgunga. Ukiwa mzito, hukwama katika mpasuo wa kalamu kisha huanguka kwa donge. Ukiwa mwepesi mno, huvuja ukanywewa na karatasi. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa hagusi karatasi kabla ya kuipangusa ncha ya kalamu kwenye mdomo wa kidau. Nasi tukidhani ni ubahili wa wino.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Hiyo ni kama piko." Akaacha mwiko, akaja akakaa. Wasomaji wangu wa kike watacheka kwamba mimi na vitabu vyangu sikulifikiria hilo. Dada yangu kabla ya kuolewa alikuwa akipaka maharusi hina na piko mtaani kwetu Mombasa, na hadi leo Eldoret huitwa kwenye arusi. Anayepaka piko ajua kwamba mstari mwembamba hautoki katika ukali wa njiti peke yake, bali katika uzito wa piko lenyewe, na kwamba mkono hautulii hewani. Basi darasa likawa lake, nami nikawa mwandishi. Haya ninayoyaandika hapa chini mengi ni yake na ya yule mtoto, aliyekuwa amesoma mambo hayo bila kuyaelewa.

Kwanza, plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu. Rangi haishiki juu ya mafuta. Kila kijisanamu kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa mswaki wa zamani, kisha kiachwe kikauke kabisa. Ule mstari unaozunguka mwili pale nusu mbili za kalibu zilipokutana ukwanguliwe kwa mgongo wa kisu, kwa kukwaruza taratibu bila kukata. Kazi hii ya kisu aifanye mkubwa au isimamiwe naye. Mtoto huona uchovu katika hatua hii na kuiruka, lakini mstari ule ukiachwa, rangi yoyote itakayopita juu yake huudhihirisha.

Kisha huja andakoti. Wengi hutumia ile ya kopo la kupuliza, nyeusi, nyeupe au ya kijivu, nayo hupulizwa nje ya nyumba, kutoka umbali wa shubiri moja na nusu hivi, kwa mpulizo mfupi unaopita bila kusimama. Binti yetu alipuliza asubuhi, ukungu wa Kaptagat ukiwa bado umelala juu ya mahindi, na askari wake wakatoka na ngozi ya msasa. Unyevunyevu huharibu andakoti. Tulingoja hadi adhuhuri, jua likiwa wazi na upepo umetulia, na walioandaliwa wakati huo walitoka laini. Nyinyi mlioko pwani mna mtihani huo huo wakati wa masika, na mna mwingine wakati wa kaskazi: upepo wa joto huikausha rangi ikiwa bado hewani, ikafika kama vumbi. Asiyepata kopo apake andakoti kwa burashi, kwa mikono miwili myembamba.

Sasa uzito wa rangi. Vitabu vya mchezo huo husema rangi iwe kama maziwa. Mtoto alikuwa amelisoma hilo, lakini kwa jirani zetu wa Kaptagat maziwa ni ya namna mbili: maziwa mabichi, na mursik inayolala ndani ya kibuyu hadi ikawa nzito na chachu. "Mimi nilikuwa natumia mursik," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akicheka katika safari ile. Rangi ya kopo, ile ya akriliki inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, karibu yote huwa nzito mno. Toa tone moja uweke kwenye kisahani, ongeza maji kidogo kidogo kwa burashi, koroga, kisha ujaribu juu ya ukucha wa dole gumba. Mstari ukisimama bila kuvimba wala kutawanyika kando, rangi iko sawa. Mkono wa kwanza utaacha sehemu zikionekana za chini, na hapo ndipo papara humwingia mtu akaongeza rangi. Asiongeze. Angoje ikauke, kisha apake mkono wa pili, na wa tatu kama haja ipo. Mikono mitatu myembamba huacha kila unyoya mahali pake, ambapo mkono mmoja mzito huyafukia yote.

Nilimwonyesha katika simu yangu picha za misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, yenye mapambo ya wino mweusi, mwekundu na manjano. Babu zetu wale walikaa na kalamu juu ya kurasa mamia, na rangi moja haikumwagikia nyingine. Nikamweleza pia juu ya mafundi wa Herat wakati wa Behzad, katika karne ya 15 na ya 16, na wale wa India baada yao, waliochora vipicha vidogo vya vitabuni kwa burashi za nywele za kuchakuro, tabaka juu ya tabaka, wakisugua rangi kwa jiwe laini hadi ing'ae. Wanazuoni wa zama zao walikuwa na maneno yao juu ya picha hizo, nayo si mada ya leo. Nilichotaka aone ni kwamba wembamba wa kazi si jambo geni kwa watu wake.

Burashi nayo ina kisa. Mtoto alikuwa amenunua ndogo kuliko zote dukani, yenye nywele tatu nne, kwa kufikiri kwamba uso mdogo wataka burashi ndogo. Kumbe burashi ile hubeba rangi kidogo kiasi kwamba hukauka kabla ya kufika. Inayofaa ni ya kadiri, yenye tumbo la kuhifadhi rangi na ncha inayokutana vizuri. Ncha ndiyo ya kuchunga. Rangi isifike kwenye lile bati linaloshika nywele, kwa sababu ikikauka humo nywele hutawanyika na ncha haikutani tena. Ioshwe kila baada ya dakika chache, na mwisho wa kazi isafishwe kwa sabuni, ichongeke kwa vidole, ilazwe au isimamishwe nywele zikiwa juu.

Kwa vidole, nasema, si kwa midomo. Niligundua kwamba wachoraji wengi huilamba burashi ili kuichonga ncha, na binti yetu alikuwa ameshaiga. Baadhi ya rangi zina madini yenye sumu, kama kadmiamu. Tena kuna jambo la twahara ambalo wauzaji hawatatwambia: burashi zinazosifiwa zaidi kwa kazi hii hutengenezwa kwa nywele za mnyama jamii ya cheche anayetoka Siberia, na burashi nyingi ngumu za rangi za mafuta ni nywele za nguruwe. Nywele za mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kisheria ni najisi katika kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ya Shafi'i, na habari ya nguruwe yajulikana. Burashi za nailoni zapatikana, ni rahisi, na kwa anayejifunza zatosha kabisa. Someni kishikio kabla ya kununua.

Na maadamu nimeitaja twahara: rangi ya akriliki si kama hina. Hina huacha rangi tu, isiyozuia maji kufika mwilini. Akriliki ikikauka huwa ni ngozi nyingine juu ya ngozi, na juu ya ule ukucha tuliojaribia uzito ndipo hukaa zaidi. Lazima ibanduliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya udhu. Dada yangu ameweka kopo la maji na kitambaa karibu na meza, na adhana ikitoka kazi husimama.

Juu ya mkono, dada yangu alikuwa mkali. Kijisanamu kisishikwe kwa vidole. Hiyo ndiyo iliyoacha alama ya dole gumba ubawani. Kibandikwe juu ya kizibo kipana cha chupa, na mkono wa kushoto ushike kizibo. Viwiko vyote viwili vikae mezani, na vifundo vya mikono vigusane, ili mkono ukitetemeka utetemeke pamoja na kile unachokipaka. Zungusha kizibo, usizungushe burashi. Vuta mstari ukija kwako, kwa kuwa mkono huvuta kwa utulivu kuliko unavyosukuma. Na kabla ya kila mguso, ncha ipitishwe kwenye tishu kuondoa ziada. Nilimtazama akimfundisha bintiye hili, nikamwona mwalimu wetu na mdomo wa kidau chake.

Mpangilio hufuata namna mtu anavyovaa. Anza na kilicho ndani kabisa, ngozi, kisha kanzu, kisha mkanda, kisha deraya na upanga. Ukikosea kwa kumwagikia nje, tabaka la juu litakifunika. Ukianza na upanga, kila kosa utakalofanya ndani utalibeba hadi nje. Kivuli hutiwa kwa rangi nyeusi au ya kahawia iliyotiwa maji mengi, ikapakwa juu ya yote ikatiririka yenyewe kwenye mikunjo. Ikikusanya kidimbwi mahali wazi, inyonywe kwa burashi safi yenye unyevu kidogo. Kisha juu ya manyoya na nywele hupita burashi iliyo karibu kuwa kavu, iliyopanguswa kwenye tishu hadi ionekane haina rangi tena, ikapigwa juu juu ili iguse vilele tu. Kwa mbawa za farasi hii ndiyo njia yenye kupendeza kuliko zote, na haina ugumu. Mtoto alipomaliza ubawa wa kushoto alinyamaza akiutazama kwa muda mrefu.

Macho ndiyo yaliyokuwa yakimliza. Alikuwa amewatia askari wake macho meupe makubwa, kila mmoja kana kwamba ameona jini. Hapa mafundi na wanazuoni walinifurahisha kwa kukutana. Kiumbe wa urefu ule, ukimshika umbali wa mkono, jicho lake halionekani. Kinachoonekana ni kivuli chini ya paji. Tone la rangi nyeusi yenye maji linatosha. Na kwa anayetaka hadhari, kupunguza sura ya uso ni karibu zaidi na usalama. Tukayaacha macho.

Kwa kosa ambalo limeshakauka, kama lile la ubawa wa kulia, ipo dawa. Kijisanamu cha plastiki chenye rangi ya akriliki hulazwa ndani ya Dettol isiyotiwa maji kwa usiku mmoja au zaidi, ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na watoto wadogo, kisha hupigwa mswaki kwa Dettol hiyo hiyo, mtu akiwa amevaa glovu na dirisha likiwa wazi. Maji yasiguse kabla rangi haijatoka yote, kwani Dettol ikikutana na maji huifanya rangi iliyolegea kuwa utando unaonata kama gundi. Nyumba nzima ilinuka hospitali, na shemeji yangu akauliza ni nani mgonjwa.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. Mwanga uwe wa dirishani, wa mchana, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Pwani, ambako rangi hukauka kisahanini kabla hujageuka, wekeni sponji yenye maji ndani ya kikopo kipana cha chakula, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi juu ya karatasi. Mkifunika hukaa hadi kesho yake. Msinunue rangi ishirini. Nyekundu, manjano, buluu, nyeupe, nyeusi na kahawia zatosha, na mtoto hujifunza kuchanganya.

Nilikaa Kaptagat siku tisa. Siku ya saba mwalimu wa madrasa alimpigia simu dada yangu kumuuliza kama mtoto amebadilishiwa kalamu. Haikuwa kalamu mpya. Ni ile ile niliyomchongea, ila sasa alikuwa anaipangusa kabla ya kuandika.

Yule mama aliyeniuliza miaka ile sijui kama bado hulisoma jarida hili. Ikiwa walisoma, na ikiwa sanduku la mtoto wako bado liko mahali fulani, naomba uniwie radhi na ulitoe. Nawe dada yangu, ile karatasi ya friji ibandue.

Juzi usiku niliamshwa na simu. Ilikuwa picha: farasi mweusi, mbawa za kijivu zinazopauka kuelekea ncha, unyoya kwa unyoya, amesimama juu ya kizibo karibu na mti ule. Chini yake swali: "Mjomba, vanishi nipake ya kung'aa au isiyong'aa?" Nikamjibu isiyong'aa, kwa kuwa ile ya kung'aa humfanya farasi aonekane ametoka kunyeshewa. Kisha nikamwambia akalale.

Swali la msomaji wa Kisauni kuhusu fidia ya funga kwa mama anayenyonyesha limenifikia, na nitalijibu wiki ijayo, inshaallah, kwa urefu unaostahili.